MKONO MMOJA HAULEI MWANA

Msaidizi wa mzazi: kutoka Wadi Bani Khalid hadi ughaibuni



Wazee wetu walituusia: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwezi huu tumeazimia kuandika juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa chumbani na jikoni, wala halifiki kwenye karatasi: ni nani anayekaa na mwanamke wakati wa uchungu, na ni nani anayebaki naye wageni wakishaondoka. Tunaandika kwa sababu jambo hili limetufika sisi wenyewe, na kwa sababu tuna deni.

CHAI YA SIKU YA TANO

Mwaka jana binti mmoja wa jamaa zetu alijifungua mtoto wake wa kwanza hapa mjini. Mama yake mzazi yuko Wadi Bani Khalid, Oman; viza yake ilichelewa, akabaki kule na simu mkononi. Mumewe binti hufanya kazi ya usiku. Hospitalini alikaa na uchungu saa 17, na nyingi katika saa hizo alikuwa peke yake, kwani wakunga walikuwa wachache na wazazi wengi. Kila mlango ulipofunguliwa uliingia uso mpya. Hakuna aliyemtendea ubaya, ila hakuna aliyekuwa wake.

Siku ya tano tulikwenda kumpongeza. Tulikuwa wanawake sita. Tulichukua sambusa, vitumbua na nguo za mtoto. Tulimpokea mtoto mkono kwa mkono, tukamwombea dua, tukazungumza. Na yule mzazi wa siku tano akainuka, akaenda jikoni, akatuchemshia chai ya tangawizi, akaileta kwa sinia na kuinama kuiweka chini mbele yetu. Sisi tukainywa. Tukamsifu kwa malezi mema aliyopewa na mama yake. Baada ya saa moja tukaaga.

Siku ya nane alilazwa tena kwa homa kali. Maradhi yalikuwa yamemwingia kizazini. Alhamdulillahi, alipona. Baadaye alitwambia kuwa siku ile tulipokuwapo mwili wake ulikuwa tayari unatetemeka kwa baridi, lakini aliona haya kusema mbele ya watu wazima. Tulikuwa sita mle chumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwekea mkono kwenye paji la uso.

KULE BONDENI

Majira ya baridi yaliyofuata, mmoja wetu alikwenda Oman kuwazuru jamaa, akafika mpaka Wadi Bani Khalid kumpelekea salamu mama wa binti huyo. Wilaya hiyo imo katika mkoa wa Sharqiyah ya Kaskazini, ambao makao yake makuu ni mji wa Ibra, na iko kiasi cha kilomita 200 kutoka Maskati. Ni bonde lililobanwa na milima mikavu, lakini ndani yake mna maji yasiyokatika mwaka mzima: mabwawa ya Muqal, mifereji ya falaj, na mashamba ya mitende chini ya majabali. Jamaa wa binti ni katika zile familia za Unguja zilizohama baada ya mapinduzi ya 1964 na kupata makao Oman baada ya 1970. Mpaka leo ndani ya nyumba ile Kiswahili hakijafa.

Ikasadifu kuwa wifi yake binti, yaani mke wa kaka yake, alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Alizalia hospitali, kama wafanyavyo karibu wanawake wote wa Oman siku hizi. Lazima tuliseme hili mapema, ili asije mtu akadhani tunawaita watu warejee kuzalia gizani. Kabla ya 1970 hospitali za Oman nzima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wanawake wengi wa mabondeni walikufa kwa damu ambayo leo husimamishwa kwa sindano moja. Maendeleo hayo ni neema, na mwenye kuikana neema hiyo anawadhulumu bibi zetu waliokwenda na watoto wao tumboni.

Lakini tazameni yaliyofuata baada ya hospitali. Mzazi alikuwa amepumzika kwenye godoro pembeni mwa chumba. Majirani waliingia asubuhi na alasiri, na chupa za kahawa, tende na matunda wakaja nazo wenyewe. Aliyemimina kahawa alikuwa jirani. Aliyeosha vikombe alikuwa jirani mwingine. Mzazi hakuinuka kwa ajili ya mgeni yeyote, wala hakuna aliyemtazamia ainuke. Na kando yake alikaa mama mmoja mtu mzima, khaloo yake mume, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa amehamia pale na kijifurushi chake cha nguo. Huyo ndiye aliyepima kama mzazi amekula, aliyejua mara ngapi mtoto amenyonya usiku, aliyezitazama nguo na kujua damu imepungua au imezidi.

Mwenzetu alimuuliza: “Khaloo, wewe ni mkunga?”

Akacheka. “Mkunga nitakuwa wapi, mwanangu! Mimi hata kusoma sijui. Kazi yangu ni kukaa.”

Tumelifikiri neno hilo mara nyingi. Sisi sita tulikwenda kuzuru. Yeye alikwenda kukaa.

Bibi Christine Eickelman, ambaye aliishi Hamra katika mkoa wa Dakhiliyah na kuandika juu ya wanawake wa Oman katika kitabu chake cha 1984, ameeleza kwa urefu jinsi ziara za kumzuru mzazi, ambaye wenyewe humwita murabbiya, zilivyokuwa nguzo ya maisha ya wanawake wa mji ule. Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa. Nani kati yetu hakusikia habari za somo na kungwi? Nani hakumwona bibi akichemsha maji ya kumkanda mzazi, akimfunga mkaja tumboni, akifukiza ubani chumbani, akipika uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili maziwa yashuke? Binti mwenye mimba ya kwanza alirejea kwa mama yake, akakaa hata arubaini ikatimia. Hayo yote yalikuwa mpango uliokamilika. Tulipopanda ndege tuliyachukua majina ya desturi hizo, lakini watu wa kuzitekeleza tuliwaacha nyuma.

JINA JIPYA KWA KAZI YA ZAMANI

Katika nchi za Magharibi kazi ya khaloo yule imepata jina. Wanamwita mwanamke huyo dula. Vijana wetu wasicheke. Hatumsemi Abdalla wa mtaa wa pili. Neno hili asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kale ni mtumishi wa kike. Aliyelieneza katika habari za uzazi ni Bibi Dana Raphael, mtaalamu wa Kimarekani wa mila za binadamu, katika kitabu chake cha 1973 juu ya kunyonyesha. Alilitumia kwa mwanamke anayemtunza mama aliyezaa, ili mama naye apate nguvu ya kumtunza mwanawe.

Baada yake madaktari wawili wa watoto, Marshall Klaus na John Kennell, walitaka kujua kama kukaa tu na mzazi kuna faida inayoweza kupimwa. Pamoja na wenzao walifanya utafiti katika hospitali moja nchini Guatemala, na matokeo yake yakachapishwa 1980. Wanawake waliozaa bila matatizo, na ambao tangu kuingia hospitali walikuwa na mwanamke wa kuwashika mkono, kuwasugua mgongo na kuzungumza nao, walijifungua kwa wastani wa saa 8.8. Wale waliokuwa peke yao walichukua saa 19.3. Na mwanamke yule aliyekaa nao hawakumjua kabla ya siku hiyo.

Mwaka 1991 Kennell na wenzake walichapisha utafiti mwingine, wa Houston, Marekani, kwa wanawake 412 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Waliokuwa na dula, 8 kati ya kila 100 walipasuliwa. Waliokuwa katika utaratibu wa kawaida wa hospitali, 18 kati ya 100. Mwaka uliofuata, 1992, madaktari hao na wenzao waliasisi chama cha madula wa Amerika ya Kaskazini, na kazi hii ikaanza kuenea duniani.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliona kuwa mzazi anayekaliwa na mtu mfululizo huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, huhitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi, na hubaki na kumbukumbu njema zaidi ya siku ile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kuwa kila mwanamke awe na mwenza amtakaye mwenyewe wakati wa kujifungua. Huko kwetu Afrika Mashariki, shirika la Thamini Uhai lilijaribu utaratibu wa wenza wa uzazi katika vituo vya mkoa wa Kigoma, Tanzania, kati ya 2016 na 2018.

Hatupendi kuwapambia wasomaji. Utafiti uliofanywa Stockholm, Sweden, na kuchapishwa 2022, uliwapa wanawake wahamiaji, Wasomali na Waarabu miongoni mwao, madula wa lugha zao. Kwa jumla haukuonyesha tofauti kubwa katika hali ya nafsi za wazazi hao wala katika walivyouona uangalizi wa hospitali. Tunalisoma hili kama onyo: mtu mmoja aliyekuja siku ya kuzaa hawezi kuziba pengo la jamii nzima iliyokosekana wiki zilizofuata.

SAUTI CHINI YA MTENDE

Na kwa sisi Waislamu mfano wa kwanza hauko Guatemala wala Houston. Katika Surat Maryam tunasimuliwa jinsi uchungu ulivyomsukuma Bibi Maryam, amani iwe juu yake, kwenye shina la mtende, naye yuko peke yake, hata akatamani lau angekufa kabla ya hayo. Basi ikamjia sauti kutoka chini yake. Tazameni ilivyopangika. Kwanza ilimwondolea huzuni. Kisha ikamwonyesha maji yanayopita chini yake. Kisha ikamwelekeza atikise shina la mtende, zimdondokee tende mbivu. Akaambiwa ale, anywe na jicho lake litulie. Na mwisho akaelekezwa namna ya kuepukana na maneno ya watu.

Maliwazo, maji, chakula, utulivu na hifadhi dhidi ya maneno ya watu: hiyo ndiyo kazi yote ya msaidizi wa mzazi. Mwenzetu aliyeketi kando ya falaj kule bondeni, mitende ikiwa juu yake, anasema hakuwahi kuzifahamu aya hizo kama alivyozifahamu siku ile.

MSAIDIZI ANAFANYA NINI?

Kabla ya kuzaa. Msaidizi humzuru mwenye mimba mara mbili tatu pamoja na mumewe. Huuliza yanayomtia hofu. Humsaidia kuandika matakwa yake kwa ajili ya hospitali: kuhudumiwa na wanawake kila inapowezekana, kusitiriwa mwili, chakula halali, baba apate nafasi ya kumwadhinia mtoto. Huhakikisha namba za simu zimeandikwa ukutani, na kwamba watoto wakubwa wana pa kulala usiku ule.

Wakati wa uchungu. Hukaa naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Humpa maji, humsugua kiuno, humsaidia kutembea na kugeuka, humhesabia pumzi, humkumbusha dua. Akiona mzazi hakufahamu alichoambiwa, humwomba mkunga akirudie polepole. Mzazi akitaka kunyamaza, naye hunyamaza.

Baada ya kuzaa. Hapa ndipo kazi inapokuwa ndefu. Hupika, hufua, huwapeleka watoto wakubwa shule. Humsaidia mama kumweka mtoto vizuri kwenye titi. Humshika mtoto saa mbili ili mama alale. Humsikiliza mzazi akihadithia kuzaa kwake, mara ya kwanza na mara ya kumi. Na kila siku humuuliza maswali ambayo sisi hatukuuliza: damu ikoje, mwili una joto, umelala, umelia?

MIPAKA YAKE

Msaidizi si mkunga. Hampimi mzazi ndani, hatoi dawa, hamkatazi daktari wala hamshauri mzazi akatae matibabu. Mambo ya kutia saini, kama kupasuliwa, yanataka mkalimani wa hospitali aliyefunzwa. Mzazi ana haki ya kumwomba, na msaidizi asiyejua maneno ya kitabibu asijitie katika hilo. Haondoi nafasi ya mume. Zaidi ya yote hutunza siri. Mwenye kuona uchi na machozi ya mwenziwe kisha akayahadithia arusini amekhini amana, na hafai kwa kazi hii.

YA KUSHIKA NA YA KUACHA

Tumezisifu desturi zetu, na ni haki tuzikosoe pia. Zamani katika nchi za Uarabuni, Oman ikiwemo, baadhi ya wanawake walitiwa chumvi ya mawe ukeni baada ya kuzaa, kwa dhana ya kurejesha mwili. Madaktari waliandika katika majarida yao miaka ya 1950 kuwa chumvi hiyo iliunguza na kuziba njia, na uzazi uliofuata ukawa wa hatari ya mauti. Mtu asiijaribu, hata kwa kipimo kidogo.

Kadhalika ile dawa ya unga iitwayo bint adh-dhahab, inayopewa watoto wachanga kwa msokoto wa tumbo: wataalamu walioichunguza Oman walieleza katika 1995 kuwa ni oksidi ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Wanja wa mawe nao mara nyingi una risasi. Tusimtie mtoto machoni. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo. Dawa yake ni tamu kwetu na hatari kwake. Anayetaka kumfanyia mtoto tahniki kwa tende iliyolainishwa, iwe chembe ya kupaka tu, kwa mikono safi. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yasimwagwe: hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

Mkaja usifungwe kwa nguvu, na aliyepasuliwa aulize kwanza kwa mkunga wake. Jeraha lake lisikandwe kwa maji ya moto. Mzazi asilazwe kitandani arubaini nzima bila kunyanyua mguu, kwa sababu kulala mno huweza kugandisha damu miguuni. Apumzike, lakini atembee kidogo kila siku. Uji, supu, mayai, tende, samaki, maji mengi: haya yashikwe yote.

Ama arubaini yenyewe, wasomaji wengine hutuuliza. Damu ya nifasi ikikatika kabla yake, mwanamke huoga na kusali, wala hangoji siku itimie. Kwa madhehebu ya Shafii mara nyingi hukaa siku 40, na ukomo wake ni 60; wenye madhehebu mengine wawaulize mashekhe wao. Lakini damu inayomwagika kwa wingi si suala la kumngoja shekhe. Ni suala la kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Tunaomba sehemu hii ikatwe na kubandikwa jikoni. Mzazi apelekwe hospitali mara moja akiwa na: damu inayojaza pedi katika muda wa saa moja au kutoka na mabonge makubwa, homa au kutetemeka kwa baridi, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, kukosa pumzi au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifafa cha mimba chaweza kuja hata baada ya kuzaa, basi asidhani mtu kuwa hatari imekwisha kwa kuwa mtoto yupo mikononi.

Mtoto apelekwe akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa haraka au kwa kuvuta mbavu, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipata degedege, au akigeuka manjano siku ya kwanza, au manjano ikifika viganjani na nyayoni.

Ziko pia dalili za moyo. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata wazazi wengi, nayo aghalabu hupita kabla ya wiki mbili. Yakizidi hapo, mzazi akawa hana hamu ya chakula wala ya mtoto, halali hata mtoto alalapo, anajiona hafai, au anasema bora asingekuwapo, huo ni ugonjwa na una matibabu. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja mpaka afike kwa daktari. Tusiseme ni udhaifu wa imani. Daktari John Cox alikuwa amewachunguza kina mama wa Uganda, akaandika 1979 juu ya maradhi ya wazazi ambayo Waganda huyaita amakiro. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1987, akiwa na wenzake Edinburgh, alitoa yale maswali 10 ambayo wakunga wengi duniani humuuliza mzazi. Kwa hiyo wahenga wa Afrika waliujua ugonjwa huu na kuupa jina kabla ya hospitali za leo. Na utafiti uliochapishwa 2014 huko Dakhiliyah, Oman, ulikuta wiki nane baada ya kuzaa kiasi cha mzazi 1 katika kila 10 ana dalili zake. Ikiwa yamo hata pale penye majirani na kahawa, itakuwaje kwa aliye ghorofa ya tisa peke yake?

KWA KINA BABA

Aya ile ile ya Surat al-Baqara inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili imemwekea baba chakula na mavazi ya mama. Chakula hakifiki mdomoni kikiwa dukani. Baba aulize kazini kwake siku za uzazi anazostahiki, azichukue zote. Oman yenyewe, kwa sheria ya hifadhi ya jamii ya 2023, imempa mama siku 98 na baba siku 7. Baba anayejua kupika uji, kubadilisha nepi na kumfungulia mlango msaidizi saa nne usiku hapungukiwi na uanaume wake. Na anapomwona mkewe amebadilika, awe wa kwanza kusema, kwa kuwa yeye ndiye anayemjua alivyokuwa.

TULILOKUBALIANA

Baada ya darasa la wanawake la mwezi uliopita tulikaa tukazungumza, na yule binti alikuwapo. Tulimwomba radhi mbele ya wote. Kisha tukakubaliana mambo manne.

La kwanza, kila mwenye mimba katika jamii yetu ambaye atapenda atapewa wanawake watatu wa kumkalia kwa zamu, tangu mwezi wa nane hadi arubaini. Watatu, kwa sababu mmoja huchoka, na akichoka huacha. La pili, wakunga wa hospitali tutawaomba waje watufunze jioni mbili: ya kwanza juu ya uchungu, ya pili juu ya dalili za hatari na kunyonyesha. La tatu, chakula cha siku 14 za mwanzo kitapikwa na nyumba 14, nyumba moja siku moja. La nne, mgeni yeyote anayekwenda kwa mzazi akae nusu saa, achemshe chai mwenyewe, aoshe vikombe kabla ya kutoka. Mzazi akiinuka kuelekea jikoni, arejeshwe kitandani kwa upole.

Hatuna fedha za kuajiri madula, na pengine hatutakuwa nazo. Lakini khaloo wa Wadi Bani Khalid hakulipwa na mtu. Alihamia na kijifurushi chake, akakaa.

Mzazi wa kwanza katika orodha yetu anatarajiwa mwezi ujao, inshaallah. Ni mgeni mjini, hana mama wala dada hapa. Zamu za mchana zimeshapata wenyewe. Zamu mbili za usiku, ya Jumanne na ya Ijumaa, bado ziko wazi. Anayeweza na ajiandikishe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa chumba cha wanawake, msikitini.

Mwenyewe binti wa chai ile ameshaandika jina lake, usiku wa Jumapili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie kina mama wote wenye mimba, awape shifaa wagonjwa, awarehemu waliotangulia wakiwa katika uzazi, na atujaalie tuwe watu wa kukaa na wenzetu. Amin.